Maswali Tisa, Maracha

Nimepewa fomu yenye maswali tisa,
kalamu ya buluu, gambuti za mguu mkubwa kuliko wangu,
na baiskeli ambayo breki yake ni kisigino.
Siku mbili za mafunzo Arua, soda na chapati,
kisha wakasema: nenda kapime huzuni ya wazee.

Mama Drateru anaishi mwisho wa mihogo.
Jina hilo, kwa lugha yetu, lina kifo ndani yake;
alipewa na mama aliyekwisha kuzika wawili,
akaona amtaje mwizi kabla hajabisha hodi.
Ameketi kizingitini anachambua maharage
aliyoyachambua jana.

Swali la kwanza. Katika wiki mbili zilizopita
umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda?
Naligeuza kwa lugha yetu, linapinda njiani,
linamfikia likiwa: Chakula kina ladha gani siku hizi?
"Sitii chumvi," anasema.
Iliisha?
"Iliisha. Halafu nikaona naweza kula bila."

Natafuta kisanduku cha jibu hilo.

Swali la tatu, usingizi.
Usiku, anasema, huamka kufunga mzigo.
Sufuria, mkeka, mtoto mgongoni.
Bunduki zimefika sokoni, Kongo iko ng'ambo ile,
harakisha, harakisha,
hufunga mpaka mkono uguse mgongo
ukute mgongo mtupu.
Mtoto yule angekuwa na watoto wake sasa.
"Zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?" nauliza,
na sauti yangu inanitia aibu.

Ananionyesha kadi ya taifa bila kuombwa,
imefundikwa kwenye pindo la leso
pamoja na ufunguo wa kufuli lililopotea.
Karani alimtazama usoni akakisia mwaka.
Kwa kadi hiyo, alijifungua kifungua mimba
akiwa na umri wa miaka minne.
Kwa kadi hiyo, pesa za wazee bado ziko mbali:
subiri, walimwambia dirishani, ukue.
Anacheka mpaka anakohoa.
Nampa maji. Kikombe kina ufa, anajua pa kuweka mdomo.

La tisa nalisoma chinichini, nikimtazama kuku.
Umewahi kuwaza kwamba ni heri ufe?
Harage moja. Harage la pili.
"Hata huyo akija ataomba kadi kwanza.
Ataniambia, rudi nyumbani, msichana, miaka haijatimia."
Kisha, bila kucheka:
"Lakini mimi humwita. Alfajiri, kabla ya jogoo."

Hilo lina kisanduku.
Najumlisha. Kumi na tisa.
Kwa kumi na tisa, mwongozo unasema: Mpeleke.
Muuguzi wa akili huja kituoni Jumanne ya pili,
mafuta yakipatikana;
vidonge viliisha tangu msimu wa palizi;
boda ni elfu nane kwenda,
na kurudi, shauri lako na Mungu.

"Umemaliza?"
Nimemaliza.
"Basi lete hayo maswali niyashike mimi."
Hajui kusoma. Anaishika fomu kichwa chini miguu juu,
ananikazia macho yale yenye ukungu
kama mwalimu aliyemshika mtoro.
"Wewe, mwanangu. Unalala?"

Miezi saba tangu nimzike mume wangu
nimeulizwa kuhusu shamba, kuhusu deni, kuhusu baiskeli.
Sijibu. Navuta ungo upande wangu,
tunachambua pamoja
maharage yasiyo na jiwe hata moja.

Alhamisi nimerudi na pakiti ya chumvi
na Candiru wa nyumba ya pili, ambaye kumbe
naye hufunga mzigo usiku,
ila hakuna aliyekuja na fomu kwake.
Wameketi. Wameteta kuhusu bei ya ufuta.
Mama Drateru ameonja mchuzi, akanung'unika kwamba nimezidisha.

Kwenye ripoti, mahali pa Huduma Iliyotolewa,
niliandika: Chumvi.
Msimamizi amelizungushia duara la wino mwekundu
na pembeni ameandika: Fafanua.