Nilicheza Mizani

Mwezi wa nane, Hombolo, upepo una meno.
Tumeegesha Fuso la Masinga mbele ya ghala la ushirika,
ubavu tumeushusha,
na hilo ndilo jukwaa: mbao, kutu, harufu ya zabibu
zilizolala siku sita zikimsubiri mnunuzi
hadi zikaanza kujipika mvinyo zenyewe, bila leseni.

Mwalimu Lechipya ndiye aliyetuambia:
ng'ambo ya bahari, kwa wasemao Kihispania,
wachuma zabibu kama sisi walipanda migongo ya malori,
wakavishana vibao shingoni,
wakaigiza njaa yao mbele ya aliyeshiba.
Hawakuwa na pazia. Taa pia hawakuwa nayo.
"Sasa walikuwa na nini?" akauliza Foibe.
"Hasira. Na mtu mmoja ajuaye kuchekesha."

Sisi tulikuwa na Ndahani.

Akavaa kibao cha MNUNUZI:
mto tumboni, kalamu masikio yote mawili.
Foibe akavaa MKULIMA. Hakubadili nguo.
Mimi nikapewa MIZANI.
Kazi yangu kusimama nimenyoosha mikono,
kreti kushoto, jiwe kulia,
na kila Mnunuzi anapokohoa, jiwe lishuke kidogo.
Akakohoa: kilo thelathini zikawa ishirini na nne.
Akakohoa tena: ishirini.
Watu walicheka mpaka vumbi likawapalia,
kisha mama mmoja mstari wa mbele akaacha kucheka,
akaanza kuhesabu vidole, vya mkono,
halafu vya mguu.

Hapo ndipo alipopanda Katibu. Yule wa kweli,
shati limechomekwa, faili kwapani.
Zeze la Chibago likakata wimbo katikati.
"Mna kibali? Nani kawaruhusu?
Mkusanyiko huu ni kinyume cha utaratibu!"

Umati ukapiga makofi.

Walidhani ni wetu.
"Huyu ndiye fundi! Kamwiga hata sauti!"
Akafoka; wakashangilia.
Akaapa kwamba yeye ndiye Katibu, Katibu mwenyewe;
wakashikana mabega wasianguke.
Ndahani, hana adabu yule, akakohoa.
Nami, naapa sikupanga, mikono ndiyo ilishazoea,
nikainama.

Katibu alinitazama.
Alitafuta ngazi ya kushukia,
nasi hatukuwa na ngazi; tulipandia tairi.
Ikabidi Foibe ampe mkono.
Alimshika vizuri, kama mtu ashikaye mgeni,
lakini hakumwachia haraka.

Usiniulize kama bei ilipanda.
Ilipanda hamsini, ikashuka thelathini.
Mizani ya ghala ilipelekwa mjini kukaguliwa,
haijarudi; tunauza kwa ndoo,
na ndoo nayo ina mambo yake.
Ndahani aliitwa ofisi ya kata mara mbili.
Mto wake waliupasua,
wakitafuta sijui nini ndani ya sufi.

Kibao changu nimekitundika jikoni, moshi unakila herufi,
imebaki ZANI.

Ila siku hizi pale ghalani,
mtu yeyote akikohoa, hata kwa vumbi la halali,
foleni nzima hugeuka kumtazama.
Nimemwona mnunuzi mpya, kijana, macho mekundu,
akimeza kikohozi chake kama kidonge
mpaka machozi yakamtoka.