Silabi Moja

Barua ilishaandikwa. Kalamu ilishavuliwa kifuniko.
"Hapa tu, Misoji. Chini ya tarehe."
Bwana Katunzi wa utumishi ana sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa,
na feni nyuma yake inageuza shingo, haitaki kuona.

Nimetoka mezani na mabuti yangu,
magamba ya sangara yamenigandia vifundo vya mikono,
nanuka barafu. Miaka kumi na moja
kituo cha tatu, kwenye kukagua miiba:
minofu inapita, macho hayatoshi,
unapapasa kwa dole gumba, polepole, kuelekea mkiani,
mpaka nyama yenyewe ikusemeshe: hapa.

Basi nikaisoma barua kwa dole gumba.
*Mimi Misoji Ng'wandu* — laini.
*Nikiwa na akili timamu* — laini.
*Kwa hiari yangu* — nikasita, nikapita.
*Nimeamua kuji*—
Hapo.

Mwiba mdogo. Silabi moja.
Ukiutoa, neno linabaki la kwao: uzulu,
nalo linadai mtendaji, linadai sababu, kikao, notisi,
likizo yangu ya miaka miwili ambayo sikwenda,
kiinua mgongo — na mgongo wenyewe ndio huu,
uliopindia juu ya meza yao ya chuma.
Ukiuacha, nimejifanyia mwenyewe:
nimejitoa, nimejikata, nimejifungia mlango kwa nje,
na mikono yao mikavu.

"Usiposaini tutaandika umeiba mabondo."
Kisha, kama anayenitolea sadaka: "Fikiria watoto."
Nikawafikiria. Nikamfikiria na Holo,
aliyesaini mwezi Machi kwenye kiti hiki hiki,
akapewa bahasha na soda.
Sasa anakaanga mapanki Igogo,
na kila anayemuuliza humjibu, "Niliacha mwenyewe."
Anaamini. Hilo ndilo linalonitisha.

Kuacha. Kuachwa. Kuachishwa.
Mwalimu kule Nansio alitukaririsha ubaoni,
nasi tukadhani ni sarufi.

"Naomba nakala nikaisomee nyumbani."
Haiwezekani.
Basi nikaisoma saa ya ukutani, kwa sauti:
saa nane na dakika kumi, Jumanne,
na Bi Nyabise wa chai yupo mlangoni na sinia lake,
anasikia,
na anataka ionekane kwamba anasikia.

Feni ikageukia upande wetu.
Karatasi ikainua pembe moja, ikalala.

Sikugomba. Nilirudisha kifuniko cha kalamu, kikaalika: ta.
Ukitaka kuniondoa, Bwana, niondoe kwa kitenzi chako,
kwa mkono wako, na jina lako chini ya tarehe.
Tume ya Usuluhishi ipo mjini hapa hapa,
nami foleni nimezizoea tangu bombani.

Nikarudi kituo cha tatu.
Mnofu niliouacha ulikuwa umeanza kulegea.
Nikaweka dole gumba.