Saa ya Birere

Byamungu ameniuzia kwa dola kumi na nane,
ameipangusa kwenye shati lake, ameapa kwa watoto wake watano.
Watoto hao nawafahamu. Ni watatu.

Kwa hiyo nimefunga mlango.
Nimetandika taulo jeupe mezani, lile la wageni,
ili kitakachodondoka kionekane,
na binti yangu Kahambu ananishikia tochi ya simu
akipumua kwa mdomo kama msaidizi wa daktari.

Kwanza kioo. Nakiinamisha huku na huku kwenye mwanga:
mkwaruzo mmoja, mwembamba, karibu na nne,
kama unywele uliosahaulika kwenye sahani.
Huo tunausamehe.
Halafu mkanda. Naingiza njiti ya meno katikati ya pingili
na humo, ndiyo, unatoka mchanga mweusi,
ule ule wa volkeno unaokaa ndani ya viatu vyetu,
ndani ya maharage, ndani ya misa.
Mpya, alisema. Kutoka kwenye boksi, alisema.
Boksi gani hilo lililotembea Goma kwa miguu?

Mgongoni imeandikwa kwamba inavumilia maji, mita thelathini.
Kahambu anataka tukaijaribu Kivu.
Namwambia ziwa halina haraka, na sisi tusiwe nayo.
Natia ncha ya kisu cha mkate kwenye ufa wa kifuniko,
nasukuma polepole, kidole gumba kikitetemeka,
tak,
na moyo wake uko wazi:
gurudumu dogo la shaba linakwenda na kurudi, linakwenda na kurudi,
kama mtu anayekataa jambo kwa adabu.
Hatugusi kitu.
Mpira wa kuzuia maji tu, umekauka upande mmoja;
naupaka mafuta kidogo kwa ncha ya unyoya wa kuku.
Nafunika, nabana, naiweka sikioni.

Sijamwambia mtoto kwa nini nasikiliza muda mrefu hivi.

Jumapili ile, uwanja wa Majengo, filimbi mdomoni,
saa yangu ya zamani iliniambia zimebaki dakika saba.
Nikakimbia, nikarudi, nikaiangalia: zimebaki saba.
Mvua ilikuwa inashuka kutoka upande wa Nyiragongo,
vijana wameshika viuno, wananitazama,
na mimi nikaendelea kuchezesha
ndani ya dakika ambayo haikuwepo,
mpaka Nzanzu, kipa wa miaka kumi na sita, akafungwa goli humo.
Hakulia. Aliokota mpira, akaja kunipa mkononi.
Mama yake ndiye aliyesema, nyuma ya kamba:
«Mwamuzi, hiyo umeitoa mfukoni mwako.»

Siku saba sasa saa hii inalala dirishani.
Kila asubuhi naitia ufunguo, mizunguko ishirini, sizidishi,
nangoja redio itoe mlio wake,
naongeza saa nzima kwa sababu Kinshasa huamka nyuma yetu,
kisha naandika kwa chaki nyuma ya mlango:
kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na moja, kumi na mbili.
Ndizo sekunde inazochelewa, asubuhi hadi asubuhi.
Mke wangu ameuliza kama huo mlango umekuwa daftari la duka.

Kahambu amekaa sakafuni, amegawanya, amefuta, amegawanya tena.
«Kwa dakika tisini, baba, ni robo tatu ya sekunde.»

Naipangusa kwa kitambaa cha miwani,
nasukuma kifundo cha ubavuni mpaka mwisho, naivaa.
Robo tatu ya sekunde.
Mpira uliopigwa vizuri hufika wapi ndani ya hiyo?

Nimetoka uani. Nimeweka mawe mawili ya lava, hapo ni goli,
na mtoto ameleta mpira wake wa matambara.
«Piga,» namwambia, jicho kwenye mshale mwembamba.
«Ngoja. Piga tena.»