Lawama na Sifa

Kabla ya kuhamisha kazi zetu, programu mpya inauliza:
nk ni nani? Andika jina kamili na anwani.
Saa nne usiku, Mtaa wa Mkunguni, ghorofa ya tatu.
Chini wanafunga maduka ya vitenge,
mageti yanashuka kwa kishindo, moja, jingine,
nami nimekaa na herufi mbili.

Mchana Pendaeli alinidadisi, chipsi mdomoni:
"Dada Mwajabu, hivi vyombo vya zamani, kipi kilikuwa bora?"
Nikamwambia subiri, nipange maumivu kwanza.

Mwanzo hapakuwa na chombo. Palikuwa na folda:
mishahara, mishahara_mpya, mishahara_mpya_kweli,
na disketi zilizolowa jasho mifukoni.

RCS ilikuja na kufuli.
Mmoja akishika faili, wengine macho tu.
Sikudhani alifunga faili la makato
akaenda msibani Kilosa.
Siku nne tulimwombea marehemu wake pumziko,
na kimoyomoyo tukaomba ufunguo.
Lakini niseme haki:
enzi zile hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

CVS ikavunja kufuli. Ingieni wote, andikeni,
mkigongana mtapatana.
Nasibu aliipenda. Alisema ni jiko la shughuli,
mikono mingi, sufuria moja.
Ila faili ukilibadilisha jina
lilikana ukoo wake wote, halikumbuki hata jana.
Na umeme ukikatika katikati ya kukabidhi,
nusu ya kazi imeingia, nusu iko mlangoni,
walimu wa Mbagala wanakatwa mkopo mara mbili.
Nasibu ndiye aliyekesha, mshumaa juu ya kompyuta,
akirudisha faili moja moja
kama mtu anayechambua mchele.

Sabvesheni, basi. Ama vyote viingie ama kisiingie kitu,
na kila kazi namba yake.
Mwaka ule nililala.
Kukata tawi, dakika; kulirudisha shinani, kesi ya wiki.
Na nyumba ya historia ilikuwa moja tu, seva ya Kijitonyama:
wachimba mtaro wakikata waya
huwezi hata kuuliza juzi uliandika nini.
Masika yalipoingiza maji chumba cha seva
Nasibu aliichomoa diski, akaifunga kwenye mfuko wa sembe,
akavuka Jangwani kwa miguu, maji kiunoni, mzigo kichwani.
Akaiweka mezani kwangu, imepakaa unga.
"Historia ya kampuni," akasema, "inataka mboga tu."

Moyo wake ulisimama Jumanne moja ya Agosti.
Hakukuwa na mvua.

Pendaeli, sikukujibu.
Sabvesheni ilikuwa na amri ya kuonyesha
kila mstari umeandikwa na nani. Iliitwa Lawama.
Ilikuwa na jina la pili, wachache walilijua: Sifa.
Amri ile ile, jibu lile lile.
Nasibu aliandika Sifa siku zote,
hata alipokuwa anamtafuta aliyeharibu.

Leo nimeiandika mimi, juu ya faili la makato.
nk, nk, nk, mj, nk.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, maelezo yake:
Mwajabu usiguse hapa, nitakueleza kesho.
Miaka tisa sijagusa.
Walimu wanalipwa sawasawa. Sijui kwa nini.

Jina kamili: Nasibu Kilindo.
Anwani: nimeandika Mtaa wa Mkunguni, ghorofa ya tatu.
Imekataa. Inataka ile alama,
a iliyojikunja ndani ya mkia wake
kama mtu aliyelala ubavu.
Nimeiweka.
Imekubali, imeshuka mstari, inauliza:
sd ni nani?