Herufi ya S

Nilizaliwa ndani ya treni, daraja la tatu,
kati ya Goweko na Igalula,
usiku, taa za behewa zimekufa,
na mama alisema treni nzima ilisimama kwa ajili yangu.
Alilisimulia hilo kisimani, msibani, kwenye foleni ya sukari.
Alilisimulia mpaka nami nikaamini
kwamba chuma kile kirefu, abiria mia tisa na kuku wao,
kilifunga breki ili mimi nivute pumzi.

Mtoto akinyonyeshwa maneno kama hayo
hakui, anasubiri.
Shuleni Isevya nilikaa dirishani nikisubiri.
Mwalimu akisoma majina, Kalunde Mihayo, namba thelathini na nane,
niliitika kwa sauti ya mtu anayepokea kombe.
Darasa lilicheka.
Niliwaonea huruma: wao walizaliwa vitandani.

Nilipofeli hesabu nikasema hesabu haijui watu.

Kwa fundi Sadala, mchora vibao, nyuma ya soko,
nilifika nikamwambia nina kipaji.
Hakuinua kichwa. Akanipa chaki, kamba, ubao mweusi.
"Andika S."
Nikaandika.
"Huyo ni nyoka aliyekanyagwa na baiskeli. Futa."

Niliandika S miezi minne.
S yenye kitambi, S iliyochutama,
S inayomwegemea jirani kama mlevi arudiye Ng'ambo,
S za alfajiri ya Juni, vidole vimekufa ganzi,
S za mchana wa Oktoba, jasho linaanguka kabla ya chaki.
Mafuta ya taa yakanichubua ngozi.
Kucha zangu zikabeba rangi za maduka ya watu wengine.
Usiku niliichora hewani, chini ya neti,
mdogo wangu Wande akauliza nafukuza mbu gani huyo.

Mwaka wa pili tukapata kazi Igalula,
kupaka upya kibao cha stesheni,
jina lisilo na S hata moja.
Nikiwa juu ya ngazi, kwenye G,
nikamtupia mzee wa bendera hadithi yangu,
kama mtu anavyotupa noti mezani ionekane.
Akatafuna muwa wake mpaka ukaisha.
"Treni za usiku zote husimama pale, binti.
Reli ni moja. Inapisha ya mizigo."
"Dakika arobaini?"
"Siku nyingine saa mbili."

Nilishuka. Nikanywa maji.
Nikapanda tena, kwa sababu rangi ilikuwa inakauka.

Ile G ipo mpaka leo, imetetemeka kidogo kwenye kidevu.

Njiani kurudi niliwaza: basi, usiku ule,
treni ilisubiri mbao, au saruji, au ng'ombe.
Aliyefanya kazi ni mama,
meno kwenye pindo la khanga ya mwanamke asiyemjua,
na hilo hajawahi kulitia kwenye hadithi.

Bado anaisimulia. Wiki iliyopita kwa binti wa jirani,
akafika pale kwenye breki, akanitazama.
Nikaendelea kuchambua maharage.

Sasa vibao vyangu viko Kanyenye, viko Cheyo.
Jina langu huwa pembeni chini, ukubwa wa mchwa,
na hakuna aliyewahi kuinama kulisoma.
Jana, mbele ya SEREMALA SHIJA: MILANGO, VITANDA, MAJENEZA,
mtoto mmoja, begi la shule limemzidi mgongo,
alisimama akaifuata S ya kwanza kwa kidole, hewani,
juu, tumbo, kiuno, mkia,
akaenda zake.

Nilisimama pale alipokuwa amesimama.
S ya kwanza, sawa.
Ya pili, ile ya Shija, imeinama.
Ni kitu kidogo, Shija mwenyewe hajaona, na pesa ameshalipa.

Kesho asubuhi, kabla hajafungua,
nitarudi na kitambaa na mafuta ya taa.