Toka Ardhini Hadi Bila Kikomo

Saa nane na dakika sita karatasi ikatoka:
anga ya Benbecula imefungwa, jeshi lina shughuli.
Toka ardhini hadi bila kikomo.

Nikaisoma kwenye kipaza sauti, mara mbili,
kama nilivyofundishwa, bila kupandisha wala kushusha.
Rubani akavua miwani, akarudia mkate wake wa mayai.
Ndege ya Glasgow ikabaki uwanjani, mlango wazi,
na ndani yake sanduku la chupa za damu,
barafu ikihesabu dakika.

Peigi, aliyengoja miezi saba kutazamwa jicho,
akaja dirishani na tiketi.
"Bila kikomo, umesema?"
Ndiyo, bibi.
"Basi Ailean wangu yumo humo.
Tulimzika Machi. Mmempigia hodi?"

Sikucheka.
Upande wa bahari kitu kikanguruma,
vioo vikatetemeka, chai ikachora duara kikombeni.
Wenye anga wakapita.

Saa kumi na moja, karatasi ya pili: imefunguliwa.
Haikusema samahani. Haikutaja barafu.
Peigi alishaondoka na basi la mwisho,
tiketi kaiacha juu ya kaunta,
maandishi yakitazama chini.