Nusu Kikombe

Nilifuata deni, sikufuata chakula.
Elfu sitini na nane, karoti za wiki tatu,
zimeandikwa kwenye daftari langu
ukurasa uleule wa michango ya kipaimara.

Mgahawa wenyewe ni kibaraza cha nyumba, Kiusa,
meza nne, vitambaa vya plastiki vyenye zabibu,
na nje, chini ya bati, sufuria nyeusi
pana kama beseni la kuogeshea mapacha.
Mtaa mzima humwita Mama Mrusi.
Yeye hujibu, kila mara, bila kuchoka:
"Mrusi alikuwa mwalimu wangu wa hesabu.
Mimi Zulfiya, natoka Samarkandi."
Na *hesabu* anaitamka kwa lafudhi ya Kibosho,
maana miaka thelathini na minne ya mawifi
hainyooshi ulimi, huupinda upya.

Nilikuwa na maneno yangu tayari.
Niliyapanga tangu sokoni Mbuyuni,
fungu la ukali, fungu la heshima,
na la mwisho, la mtoto kudaiwa ada.
Akanivutia kiti.
"Kaa, Mama Ndeshi. Mama mkwe wako anakupenda,
wali ndiyo kwanza umeiva."
Mama mkwe wangu hanipendi.
Lakini nilikaa.

Akaweka mkate wa duara, katikati umedungwa maua.
Nikaugeuza nione kama umeungua chini.
Akaurudisha upesi, uso juu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.
"Mkate haulali kifudifudi," akasema. Hakuongeza.

Chai ikaja, ya kijani, haina maziwa, haina sukari,
kwenye kibakuli kisicho na mkono,
na haikufika hata nusu.
Moyoni nikasema: ndiyo maana halipi!
Mtu anayepunja maji ya moto
atamaliza lini elfu sitini na nane?

Kisha pilau.
Yeye huita palov, tofauti ni ya kooni tu.
Mdalasini hakuna, iliki hakuna,
bizari nyembamba peke yake, na kitunguu saumu kizima
kilichozikwa na maganda yake.
Nyama imeachana na mfupa bila ugomvi.
Mchele ni wa Chekereni, nimeutambua kwa harufu.
Na humo ndani, nyuzi nyuzi,
zimelowa mafuta, zimelegea, tamu,
karoti zangu.

Mwaka mzima nazipokea kwenye lori la Lushoto saa tisa usiku,
nazisugua udongo kwa gunia,
nazigombania na mgambo,
sijawahi kuzionja zikiwa na cheo.
Sisi tunazikuna kwenye kachumbari,
au tunazitia kwenye maharage zikakae kimya.
Nilikula. Nikasahau ukali, kisha heshima.
La ada nililibakiza.

Kibakuli kilipokauka akamimina tena. Nusu.
Ikanishinda. "Mama, mbona birika limejaa?"
Akacheka mpaka akashika meza.
"Kwetu, nikikujazia hadi ukingoni
maana yake kunywa, uende.
Nusu maana yake bado nataka kukumiminia."
Marehemu mumewe, Aminiel, mhandisi wa mifereji,
siku ya kwanza alipopelekwa kwao
alidhani baba mkwe ni bahili.
"Alikunywa vikombe kumi na kimoja
akisubiri kimoja kijae.
Baba akasema, huyu kijana hataki kuondoka."

Nikatoa daftari. Ilibidi.
Akalisoma bila miwani, akaingia ndani,
akarudi na noti zinazonukia bizari.
Nilihesabu mara mbili.
Elfu thelathini na nne.
Nikamtazama. Akanitazama.
Birika bado lilikuwa mkononi.

La ada sikulisema.
Nimeandika kwa kalamu nyekundu: *bado nusu.*
Kesho kilo tatu, zile nene,
na moja juu, ya nyongeza.